Pedali Zilizokaa Kabatini Miezi Mitano

Tunu mwanangu,

Umeondoka asubuhi hii na mjomba wako kwenda Boko kumuaga bibi, na ninavyomjua mama yangu, hatawaachia kabla hamjala. Kwa hiyo nina muda mpaka alasiri. Nimefunga mlango wa mbele, nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya kompyuta yako, na ninaandika kwa kalamu kwa sababu nikiandika kwenye simu nitafuta.

Mambo ya soksi, dawa na namba za simu tumeshayasema mpaka jana ukaniambia, "Mama, hata bibi hakupewa maelekezo mengi hivi siku ya kuolewa." Nayaacha. Kuna jambo moja ambalo sijawahi kukuambia, nalo linanitisha kuliko hiyo ndege yenyewe ya kesho ya kukupeleka chuo cha urubani.

Jumapili iliyopita ulikuwa barazani, Asha wa jirani anakusuka. Mie nilikuwa ndani nakunja nguo. Asha alikuuliza kama unaogopa, nawe ukacheka ukamwambia, "Kuruka siogopi. Naogopa miguu yangu. Mie miguu yangu mizito, nimezaliwa hivyo. Wakinirudisha huko, basi ni kwa ajili ya miguu." Asha akasema, "Acha zako, miguu mizito na kwenye sherehe unacheza singeli wewe?" Mkacheka wote wawili. Nami nilibaki na kanga mkononi, sijui niiweke wapi. Nilipaswa kutoka nje pale pale. Sikutoka. Nimetembea na maneno yako wiki nzima, ofisini na jikoni, na leo ni siku ya mwisho.

Tunu, miguu yako haina tatizo lolote. Ilichelewa, na aliyeichelewesha ni mie.

Unakumbuka siku ile tulipokaa kibandani kwa mjomba Chande, Buguruni, kuamua tununue nini kwanza? Ulikuwa kidato cha sita. Kompyuta ya kufanyia mazoezi ya kurusha ndege alikuwa amekuundia yeye kutoka kwenye kompyuta tatu zilizokufa, na ile fimbo ya kuongozea ndege ulipewa na mtu aliyekuwa anahama. Shina lake lilikuwa limelegea, Chande akalifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Ilikuwa inalalia kushoto yenyewe. Kuongeza moto wa injini ulikuwa unabonyeza vitufe vya herufi. Tulikuwa na uwezo wa kuagiza kitu kimoja, kisha tungesubiri sana kabla ya kingine.

Chande hakuwa na shaka. "Usukani. Ule mkubwa wa kushika kwa mikono miwili. Rubani asiye na usukani ni bodaboda aliyekosea barabara."

"Mjomba, wewe unataka kupiga picha tu."

"Kwani picha si sehemu ya kazi? Umeona rubani gani hana picha?"

Wewe ulitaka fimbo mpya. Ulisema hiyo inakuvuta kushoto, na kila ukitua kiganja kinakuuma. Mie, ambaye sikujua chochote, nikauliza swali la mtu asiyejua. "Na miguu inafanya nini?"

"Miguu imekaa tu, mama. Kompyuta inanisaidia."

"Inakusaidia vipi?"

"Inakanyaga badala yangu."

Chande akasema, "Raha hiyo. Natamani na mie nipate wa kukanyaga badala yangu," na watu wa kibanda cha jirani wakacheka. Lakini swali lile halikuniacha. Unanijua, sinunui hata sufuria bila kuuliza watu watatu. Wiki nzima, wakati wa mapumziko ya ofisini, nilisoma walichoandika watu wenye vifaa hivi majumbani kwao, wengi wao wakilalamika kwamba walianza na kile kinachopendeza mezani. Nikachukua karatasi, nikaigawa pande mbili. Upande mmoja nikaandika kilichopo lakini kibovu: fimbo, na vile vitufe vya moto. Upande wa pili nikaandika kisichokuwepo kabisa: pedali za kukanyaga kwa miguu.

Nikaona kwamba fimbo mbovu ulikuwa umeshaizoea, mkono wako ulikuwa unaisahihisha bila wewe kujua. Miguu haikuwa na cha kusahihisha. Ilikuwa haijui hata kwamba ina kazi, kwamba ndege ndogo ikianza kukimbia kwenda kuruka huvuta upande mmoja na ni mguu wa rubani unaoinyoosha. Nikakuambia tuanze na pedali. Ulinuna siku moja. Siku ya pili ukasema, "Mama angefaa kuwa injinia," na nilitembea na sentensi hiyo kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Nakuambia hili kwa sababu nataka ujue kwamba nilichagua sawasawa. Nilijua kitu hicho ni cha nini na kwa nini unakihitaji kuliko kingine chochote. Siwezi kusema sikujua.

Pedali zilikuja pamoja na mizigo ya wateja, kwa sababu niliagiza kupitia ofisini kwetu. Wewe ulijua hivyo, na ulijua kwamba kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini. Boksi lilifika stoo saa sita mchana. Wenzangu walikwenda kula, nikabaki peke yangu, nikalifungua nione kama kuna kilichovunjika. Hakuna kilichovunjika. Ni za chuma, Tunu, nzito, siyo kama ile fimbo ya plastiki. Nikaziweka chini ya meza yangu, nikavua viatu, nikaweka miguu juu yake.

Nikasukuma wa kulia. Wa kushoto ukarudi nyuma wenyewe. Nikasukuma wa kushoto, wa kulia ukarudi.

Sijui nikuelezeje. Mpaka siku ile, kuruka kwako kulikuwa kitu cha kwenye kioo. Ulikuwa unakaa chumbani, mie nasikia mlio wa injini nikiwa napika, na nikikuita kula unaizima ndege unakuja. Chini ya ile meza miguu yangu ilielewa kwamba kitu hiki kimetengenezwa kwa ajili ya mwili. Kwamba siku moja nyayo zako zitakuwa juu ya kitu kama hiki na chini yake hakuna sakafu. Nilishika meza kwa mikono miwili. Nilihisi naanguka, nimekaa kwenye kiti cha ofisi, saa saba mchana, feni inazunguka.

Nikazirudisha kwenye boksi, nikalifunga kwa utepe wa gundi. Nikajiambia ngoja kwanza. Wiki moja tu, nitulie.

Ofisini tuna kabati la mizigo isiyochukuliwa. Mteja hapokei simu, au amesafiri, au ameghairi, mzigo wake mdogo unakaa humo, na kwenye daftari la stoo tunaandika sababu. Niliweka boksi lako humo. Na kwa sababu mie ni karani na siwezi kuacha nafasi wazi kwenye daftari, niliandika jina langu kama mwenye mzigo, na kwenye sababu nikaandika kama tunavyoandika siku zote: mwenyewe hajapatikana.

Mzee Kondo wa stoo aliliona kesho yake. Akaja mezani kwangu na daftari kwapani.

"Mama Tunu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu nisaidie kusoma hapa, macho yangu yamezeeka. Mwenyewe hajapatikana?"

"Ndiyo, mzee."

"Na huyu ninayemwona hapa anakula mihogo ni nani?"

Nikacheka, nikamwambia ni zawadi, nasubiri siku yako ya kuzaliwa. Akasema, "Haya, zawadi," akaenda zake. Siku yako ya kuzaliwa ilikuwa imepita mwezi mmoja nyuma.

Kwako nilisema mzigo umekwama. Nilikuwa nina maneno yote, mwanangu, ndiyo kazi yangu. Leo ukaguzi. Wiki ijayo nyaraka. Wiki nyingine mfumo uko chini. Kila neno nililokudanganya nalo ni neno la kweli ambalo nimemwambia mteja fulani kwa haki. Ukaanza kuyatumia mwenyewe. Nikiingia tu mlangoni, hata mkoba sijatua, "Mama, ukaguzi bado?" Nami nasema bado, nawe unasema pole na kazi. Pole na kazi! Ukaenda ukawasha ndege yako, na kompyuta ikaendelea kukanyaga badala yako. Wiki moja ikawa miezi mitano.

Ukisoma hapa utajiuliza ni mtu wa namna gani anafanya hivi. Nimejiuliza pia. Nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, wewe una mitano, baba yako ameshahamia Masasi kwenye maisha yake mengine, bosi aliniita akaniambia wanafungua ofisi ndogo Mtwara na anataka nikaisimamie. Nikamwambia, "Naomba nikaulize nyumbani." Nyumbani nilikuwa na wewe tu. Sikuwa na wa kumuuliza. Nikakaa kimya wiki tatu nikisubiri apate mtu mwingine, akapata, nikamwambia kila mtu kwamba ofisini wana upendeleo. Mpaka leo bibi yako anaamini nilinyimwa.

Ndivyo woga wangu ulivyo. Haupigi kelele. Wala sikukukataza urubani, siyo? Hata mara moja. Nilikuunga mkono mbele ya watu wote. Woga wangu unasema ngoja kwanza, kisha unakaa unaangalia muda ukifanya kazi yenyewe. Watu wananiita mwangalifu. Nimelipenda jina hilo kwa sababu limenificha.

Halafu ikaja siku ya majaribio ya kugombea ile nafasi ya kusomeshwa urubani. Mlikuwa kumi na wawili, mnaingia mmoja mmoja kwenye kile chumba chenye ndege ya mazoezi, na wazazi tumekaa kwenye benchi nje, mlango wazi kwa sababu ya joto. Nilisikia kila kitu. Ulijibu maswali yote. Kisha ukaambiwa uruke, na ndege ikaenda kushoto, ukaambiwa urudie, ikaenda kushoto tena ikatoka nje ya njia.

"Binti, miguu yako iko wapi?" mwalimu aliyekuwa anawapima akauliza.

"Ipo, mwalimu."

"Mie siioni ikifanya kazi. Miguu yako imelala."

Wenzako walicheka. Mama mmoja kwenye benchi, mwanawe alikuwa ameshatoka, akanigusa goti akasema, "Usijali, dada, mtoto wa kike siyo lazima." Nikamwitikia kwa kichwa.

Kwenye bajaji ya kurudi tulivuka reli. Hapo ukaniuliza, "Mama, hivi mtu anaweza kuzaliwa na miguu mizito?" Nilikuwa na jibu mdomoni. Boksi lilikuwa kabatini, siku hiyo hiyo, chini ya katoni ya taa za gari la mtu wa Tabata. Nikasema, "Ni mazoezi tu, mama." Ukageuka ukaangalia nje.

Na sasa ndiyo sehemu ambayo kalamu inakataa. Siku ile nilipika pilau. Ulifikiri nakufariji, ukala kidogo kwa heshima yangu. Tunu, nilipika kwa sababu nilifurahi. Nilikuwa natia mchele nikajisikia naimba. Mwanangu amebaki chini, mwanangu atakuwa mwalimu au karani, atarudi kila siku jioni. Ulikuwa chumbani umejifunika, nami jikoni naimba. Sijamwambia mtu jambo hilo.

Ungekuwa mtoto wa kukata tamaa, huenda boksi lingekuwa kabatini mpaka leo. Lakini Jumamosi ile nilirudi kutoka sokoni, nikasikia sauti ya Chande chumbani kwako. "Kulia! Kulia tena! Mguu huo, siyo huo, wewe vipi?" Nikachungulia. Mlikuwa mmechukua vibao viwili na bawaba za mlango, mmevipigilia misumari kwenye ubao chini ya meza. Havikuunganishwa na kitu chochote. Ulikuwa unakanyaga vibao ambavyo haviendi popote, unaangalia ndege kwenye kioo, na Chande anakuita upande wa kukanyaga kama kondakta anayeita vituo. Ulinionea aibu ukasema, "Nafundisha miguu ijue ipo."

Jumatatu nilitoa boksi. Mzee Kondo alinipa daftari nisaini bila kuniangalia, akasema tu, "Mwenyewe kapatikana." Nikakuletea. Nikakuambia forodha wameachia. Ulinikumbatia ukaniinua juu, unakumbuka? Ukatoka nje kuwaambia majirani, "Mama kapambana bandarini miezi mitano!" Mama Asha akaja kunipa mkono. Niliupokea huo mkono.

Mwaka mzima umekanyaga zile pedali mpaka mpira wa juu umelika. Majaribio ya pili ulipita, na mwalimu yule yule hakusema lolote kuhusu miguu. Ulipata mwenyewe. Lakini ulikuwa upate mwaka mmoja kabla, na ungekwenda bila hicho kitu ulichokibeba kifuani, kwamba umezaliwa na kasoro. Mwaka siwezi kukurudishia. Hiki kingine naweza kukitoa, ndiyo maana naandika. Siku upepo utakaposukuma ndege pembeni na wewe peke yako, nisingependa sauti yoyote ikuambie miguu yako mizito. Hiyo sauti ilikuwa mie. Miguu yako ilianza kujifunza siku ile boksi lilipofika nyumbani, na tangu siku ile haijakuangusha.

Umeniuliza juzi, ukipata uwezo, kwa ajili ya ukirudi likizo, tubadilishe ile fimbo au sasa tununue usukani wa mjomba. Ningekujibu haraka, nina karatasi mpya tayari. Lakini sitaki kukuchagulia tena. Nitakuambia tu nilivyofanya mara ya kwanza, kabla sijaharibu: niliacha kuangalia kinachokera, nikauliza ni sehemu gani ya mwili wako haina kazi. Ukishajua, agiza mwenyewe, na mzigo usipitie kwangu. Na mtu akikuambia kitu chako kimekwama, hata kama ni mtu unayempenda, muulize kiko wapi, kisha nenda ukaone kwa macho yako.

Nisingependa ufikiri nakuandikia nikiwa nimepona. Nusu saa iliyopita nilifungua mkoba wangu kutafuta kalamu nyingine nikakuta pasipoti yako. Iko kwangu tangu Jumatatu. Nilikuambia naitunza isipotee. Nilikaa nayo mkononi, Tunu, nikasikia ile sauti tulivu ikianza, ngoja kwanza, nikaogopa mpaka nikasimama. Nimeiweka juu ya kompyuta yako. Ukiingia tu ichukue, uiweke unapotaka, usiniambie ni wapi.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuiingiza kwenye sanduku lako, katikati ya magauni, uikute ukishafika. Ungesoma ukiwa mbali, ungelia au ungekasirika huko, na mie ningekuwa hapa salama, nasubiri simu nikiwa nimejiandaa. Nimeshaandika mpaka hapa ndipo nimeona nilichokuwa nafanya. Ni kitu chako, na nilikuwa nakichelewesha mpaka wakati utakaponifaa mie.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo, mkirudi kutoka Boko. Nimeshafungua mlango wa mbele. Sijui utanifanyaje. Inawezekana kesho nikakusindikiza uwanjani na usiniangalie. Inawezekana ukamwita mjomba wako akusindikize yeye. Lakini nitakuwa nimekaa hapa hapa, kwenye kiti hiki, wewe umesimama unasoma. Sitakwenda jikoni, wala sitajifanya nina simu ya ofisini.

Namsikia Chande nje anabishana na mtu wa bajaji, nawe unamwambia, "Mjomba, mlipe tu twende ndani." Samahani kwa mwandiko, naandika haraka. Soma mpaka mwisho, mama. Ukimaliza sema lolote utakalo, kwa sauti yoyote. Nipo, nakusikiliza.

Mama yako